Mbunge wa Akiba

Mtu wa kwanza kunifundisha kulipiza kisasi bila kupandisha sauti alikuwa mbunge wa Kifaransa aliyeshindwa uchaguzi. Nilikutana naye Maskati, mji ambao siku hizo haukuwa na bunge wala uchaguzi, wala gazeti la kutuletea habari za bunge la watu wengine. Nimepita miji mingi tangu hapo. Nimepanga vyumba Kuwait, Dubai na Mombasa, na haya ninayaandika katika chumba kingine cha kupanga, Dar es Salaam, nikiwa nimevuka miaka arobaini na bado sijui nitakapozikwa. Lakini nikisikia harufu ya kahawa yenye iliki, akili inarudi Darsait bila kuniuliza.

Tulifika mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, mimi na mama. Baba alikuwa ameshafariki kwa maradhi. Watu wengi wa Unguja waliotaka kurudi Oman mwaka ule walizuiliwa. Ilihitajika ruhusa, na ruhusa ilihitaji mtu. Mtu wetu alikuwa ami, ndugu yake baba, aliyetangulia zamani na kufanya biashara ya tende na nafaka katika bandari ya Matrah. Alitupa vyumba viwili vya uani katika nyumba yake ya Darsait, kijiji jirani na Maskati, nyuma ya mitende, karibu na kisima. Tulimshukuru. Nalisema hilo mapema ili nisiambiwe nimelisahau. Ami mwenyewe alihakikisha halisahauliki.

Alizaliwa Unguja kama sisi, Malindi hasa, lakini alijitahidi kuwa Mwomani kuliko Waomani. Alivaa khanjari, jambia la kiunoni, hata siku ambazo majirani hawakuvaa. Ukimsemesha Kiswahili alikujibu Kiarabu. Ila akikasirika Kiarabu kilimkimbia chote, kikamtoka Kiswahili cha Darajani, cha wauza samaki.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari Unguja, na cheti changu mama alikuwa amekishonea ndani ya mto ili kivuke nasi salama. Mwaka uliofuata rafiki wa marehemu baba, aliyekuwa Bahrain, alituletea habari kwamba amenipatia nafasi katika chuo cha walimu wa kike kule. Nafasi ilikuwa moja, chakula na malazi juu ya chuo. Mama alilia kwa furaha, halafu akaanza kutafuta kitambaa cha kunishonea nguo za safari. Kitambaa alikipata Matrah, cha bluu. Nguo alizifikisha nusu.

Alasiri moja ami akaja kwenye vyumba vyetu na wazee wawili wa ukoo. Mama akawakaribisha kwenye mkeka, akawamiminia kahawa. Ami akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake. Wazee nao wakaweka vyao. Dakika zikapita. Hakuna aliyekunywa, hakuna aliyesema kitu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mama hakulijua. Vijijini kule ndani ya Oman, mgeni mwenye haja kubwa hanywi kahawa anayopewa. Anaiweka chini na kungoja. Mwenye nyumba akimwambia anywe, basi haja amempa, hata kama haijatajwa, na ikishapita mbele ya mashahidi haitenguki. Kwetu Unguja ni mambo mengine kabisa. Mgeni asiyegusa kahawa yako anakwambia kwa adabu kwamba ni mbaya.

Mama akaona haya. Aliitazama kahawa ile inayofuka moshi, akawatazama wazee, na uso wake ukawa mwekundu.

"Kunywa, shemeji," akasema. "Kunywa isije ikapoa. Kama tangawizi imezidi nitapika nyengine."

Ami akainua kikombe akanywa mpaka machicha. Wazee wakasema alhamdulillahi, wakanywa vyao. Ndipo akaitaja haja yake. Alitaka nafasi ya Bahrain iende kwa binti yake, aliyesomeshwa Unguja kabla ya Mapinduzi, nyuma yangu kwa mwaka mmoja skuli. Alisema mimi nina mama mgonjwa wa kifua na si vizuri kumwacha, na kwamba binti yake akirudi na shahada ukoo mzima utafaidika. Mama alifungua mdomo, mmoja wa wazee akamwambia kwa upole kwamba haja imeshatolewa. Akaelezwa desturi baada ya kuitumikia.

Aliniangalia kama mtu aliyekanyaga mtoto. Nguo za bluu alizimaliza wiki ile ile, kwa sababu mke wa ami alikuja kuomba zimaliziwe. Binti ami alisafiri nazo.

Ili kunifuta machozi, ami akanipa bohari la tende lililokuwa tupu upande wa mitende. Niwafundishe humo watoto wa kike wa ukoo na majirani, kusoma, kuandika na hesabu. Skuli ya serikali kwa wasichana haikuwepo. "Ushikilie tu, mwanangu," aliniambia, "mpaka dada yako arudi. Akirudi tutafungua la kweli." Neno lile, ushikilie, lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila mtu aliyeuliza habari za darasa langu aliambiwa kwamba nashikilia.

Nilishikilia miaka mitano. Kuta zilikuwa zinanata kwa asali ya tende na sisimizi walikuwa wanafunzi wasiokosa siku. Tuliandika kwa makaa juu ya vifuniko vya madebe ya samli, tukivipangusa kwa kitambaa cha maji. Wasichana waliokuja hawajui kushika kaa, baadaye waliwasomea mama zao barua za waume zao walioko Kuwait, na mama hao wakawa wananiletea ndimu, mayai, na dua. Sikuwa nashikilia kitu cha mtu. Nilikuwa nakijenga. Lakini nilijua hivyo peke yangu.

Kisha, majira ya baridi ya mwaka 1967, akaja Madamu.

Kaka yake alikuwa mhandisi kwenye kambi ya mafuta pwani, si mbali na kwetu. Alikuja kupumzika kwake kwa miezi kadhaa, akachoka na kambi siku ya pili, akaomba apatiwe mwanamke anayejua Kiingereza wa kutembea naye na kumtafsiria. Ami alikuwa akiipelekea kambi mboga na alitaka kuendelea kuipelekea, hivyo alinitoa mimi kama mtu anayetoa kapu la ndimu juu ya bei. Mara mbili kwa wiki gari la kambi lilinifuata.

Madamu alikuwa na umri wa mama yangu au zaidi kidogo, mfupi, mwenye viatu vya kutembelea milimani na kofia ya kitambaa iliyofifia. Alitembea haraka mpaka nikawa nashika ushungi kwa mkono mmoja na kamba ya kikapu kwa mwingine. Na alivuta sigara. Kuvuta hadharani Maskati kulikatazwa wakati ule, na askari wa lango kuu alimsimamisha akamwonyesha kwa kidole sigara na ardhi. Aliizima kwenye soli ya kiatu chake, akakitia kipande mfukoni, akamsalimu askari kama waziri mwenzake. Tulipopita akaniambia kwamba yeye ameshatolewa milango mizito zaidi ya ule.

Hapo ndipo nilipomuuliza kazi yake. Akasema alikuwa mbunge.

Nilidhani sikumwelewa, akanieleza tena. Habari zake alinisimulia kwa vipande, kila matembezi kipande, juu ya mawe ya Matrah na chini ya mitende ya Darsait, na nyingine mbele ya mama na mke wa ami waliotaka kila neno litafsiriwe. Nitazipanga hapa kama nilivyozipanga mimi kichwani baadaye, nilipozihitaji.

Alikuwa mjane mwenye duka la dawa katika mji mdogo. Mwisho wa Vita Vikuu vya Pili, wanawake wa Ufaransa walipopata kura kwa mara ya kwanza, watu wa mji wake walimchagua kwenye baraza la mji, kwa sababu alijua nani anaumwa nini na alikuwa hasemi. Mke wa ami alipenda sana hapo. Alisema huyo ndiye mtu wa kupewa serikali.

Kisha akaja bwana mkubwa wa chama chake, aliyetaka ubunge wa jimbo. Kwao, alivyonieleza, kila mgombea ubunge huandika jina la mtu wa pili chini ya lake, mbunge wa akiba. Mbunge akifa, au akifanywa waziri, yule wa akiba hukaa kwenye kiti, kwani sheria yao haimruhusu waziri kuwa mbunge kwa wakati mmoja. Bwana yule alitaka kura za wajane na wenye maduka, akaomba jina la Madamu. Alimwambia ni cheo kisicho na kazi. Hata safari ya Parisi haitahitajika.

Bwana akashinda, na haukupita muda mrefu akafanywa waziri. Madamu akapanda treni.

Siku ya kwanza bungeni, mtu wa mlangoni mwenye mnyororo shingoni alimpeleka kwa heshima zote kwenye roshani ya wake wa waheshimiwa. Alikaa pale kidogo, akawatazama wanaume wakijaza viti chini kama korosho gunia, akateremka ngazi peke yake na kutafuta kiti chake. Kilikuwa kimewekwa makoti ya jirani. Aliyachukua akayaweka sakafuni, moja moja, bila kuyakunja.

Mara ya kwanza kusimama kusema, mtu wa upande wa pili alimkatiza kwa sauti akimuuliza nani kabaki dukani. Madamu alimjibu, "Mkeo, Mheshimiwa. Kaja kununua pamba ya masikio."

Mke wa ami alicheka mpaka akashika ukuta. Mama, ambaye siku hizo alikuwa analala zaidi ya kukaa, alicheka kwa kukohoa. Kwa wiki nzima nyumba ile mtu akikatizwa aliagiza pamba ya masikio.

Ila kuna jambo moja walilokataa kuliamini. Madamu alisema kazi aliyoipenda kuliko zote bungeni ilikuwa kupigania sheria ya kumruhusu mke afanye kazi, na afungue akaunti ya benki kwa jina lake, bila idhini ya mumewe. Nilitafsiri. Wakaniangalia. Mke wa ami, aliyekuwa na mitende yake Darsait na nyingine kijiji cha Ghala, ya urithi wa baba yake, na hakuwahi kumwonyesha ami hata kokwa moja la mapato, aliniambia nimetafsiri vibaya. Nikarudia. "Yaani mali yake mwenyewe?" akasema. "Aombe? Masikini, mpe chai." Na Madamu akapewa chai, na halwa, na mikono yote miwili ikashikwa na wanawake wa Darsait waliomwonea huruma kwa Ufaransa yake.

Kisha ukaja mwisho wa habari, ambao alinisimulia siku tulipokwenda Azaiba kutazama bahari. Tulikaa mchangani, kambi na mji ziko mbali, akawasha sigara bila wasiwasi.

Baada ya miaka kadhaa yule bwana alipoteza uwaziri. Kwao kuna desturi, si sheria, desturi tu, kwamba waziri akitoka serikalini mbunge wake wa akiba hujiuzulu, uitishwe uchaguzi mdogo, na bwana arudi kwenye kiti chake. Hakuna anayeweza kumtoa yule wa akiba. Lazima ajitoe mwenyewe. Na wote hujitoa, kwa sababu wote ni watu wenye adabu.

Bwana alikuja nyumbani kwake Jumapili na maua. Hakutaja haja. Alisifu pazia, akauliza hali ya duka, akamtazama na kungoja. Madamu alitia maua majini, akamuuliza hali ya mkewe, akangoja pia. Mwishowe ikabidi bwana aseme. Akasema yeye ndiye aliyemweka pale.

"Nikamwambia ni kweli," Madamu alinisimulia. "Wewe uliniweka. Lakini mimi ndiye niliyekaa."

Chama kilimwadhibu. Wenzake waliacha kumsalimu, akahamishiwa kiti nyuma ya nguzo, maombi yake ya kusema yakawa yanapotea. Alibaki mpaka muhula ukaisha. Uchaguzi uliofuata chama kikamsimamisha bwana, na Madamu akasimama peke yake, bila chama, kwa fedha ya dawa za kikohozi. Wote wawili walishindwa. Kiti kikaenda kwa adui yao wa siku zote.

Nilisema pole. Alinitazama kama nimesema upuuzi.

"Mimi nilishindwa kwa kura nyingi," akasema. "Yeye alishindwa kwa chache. Na hizo chache zilikuwa zangu."

Alivuta moshi wake akautoa kuelekea baharini, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sijaiona kwa mtu aliyeshinda kitu chochote. Nimeshaishi na watu wengi waliosamehe. Nimewaona wanavyotafuna midomo usingizini. Madamu alikula vizuri na kulala vizuri.

Kabla hajaondoka mke wa ami alimfanyia kahawa ya kuagana, na katika mazungumzo akajisifia desturi ile ya kikombe kinachowekwa chini. Aliieleza vizuri sana, mama akiwa palepale amelala na uso ukutani. Madamu aliuliza swali moja, kwamba mwenye nyumba asiposema kitu inakuwaje. Nilitafsiri. Wanawake wakatazamana. Mke wa ami akasema haijapata kutokea.

"Itapoa," mama akasema bila kugeuka.

Madamu akataka kujua kasema nini. Nilipomwambia, alimwangalia mama kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba siku mtu yeyote wa Darsait akiiacha ipoe, nimpelekee habari. Akaniandikia anwani yake.

Mama alifariki mwaka 1969. Tangu siku ile ya ami hakuwahi tena kumwambia mgeni yeyote anywe. Alimimina, akakaa kimya, mgeni akajijua mwenyewe. Majirani walidhani ni maringo ya watu wa Unguja.

Julai ya mwaka 1970 nchi ikapata mtawala mpya na malango ya Maskati yakaacha kufungwa usiku. Matrah watu walicheza barabarani mpaka viatu vikapotea. Uwanja wa ndege wa Ruwi ukawa unatapika watu: waliotoroka kusoma, waliofukuzwa, waliozuiliwa. Na likatoka tangazo kwamba wasichana watafunguliwa skuli. Walimu wa kike watatoka wapi, hakuna aliyejua.

Watu wawili wa ofisi ya elimu walifika bohari la tende wamekunja majoho kuepuka asali. Mmoja alikuwa mtu wa Unguja, mwenye miwani, aliyepata kumfahamu baba kwa jina. Waliwajaribu wasichana wangu kusoma, wakawapa hesabu, wakawapa barua ya Kiarabu wasome kwa sauti. Walipomaliza, yule wa miwani alivua miwani akaifuta. Wiki ile ile nikaambiwa darasa langu ndilo litakuwa mwanzo wa skuli mpya, katika nyumba ya kupanga yenye madawati ya kweli, na mimi ndiye mwalimu mkuu.

Ami alichinja mbuzi. Aliwaambia wageni, mbele yangu, kwamba nashikilia mpaka binti yake arudi.

Binti ami alirudi Novemba, na shahada, na viatu vya kisigino. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Aliniletea kitambaa cha zawadi, na kilikuwa cha bluu. Nadhani hakukumbuka kitu. Mimi nilikikunja nikakiweka.

Ami alikwenda kwanza ofisini. Yule wa miwani alinihadithia baadaye walivyozungumza. Ami alisema shahada ya binti yake ni kubwa kuliko cheti changu, na ilikuwa kweli. Ofisi ikasema skuli imeshaanza vizuri, watoto na wazazi wananitaka, na wao hawatamtoa mtu aliyekwisha kuwekwa. Nikijiuzulu kwa hiari yangu, hilo ni jingine.

Niliposikia maneno yale nilimkumbuka Madamu. Lazima nijitoe mwenyewe. Nilijua basi kitakachofuata. Nilinunua kahawa mpya Matrah, nikaikaanga, nikaitwanga, nikaiweka tayari. Kwa siku kadhaa nilikuwa kama bibi harusi anayengoja kupigiwa hodi.

Alikuja alasiri, saa zile zile. Mzee mmoja katika wale wawili wa kwanza alikuwa ameshakufa. Wa pili alikuja, mkongwe sasa, haoni vizuri, hana meno, mpenda kahawa kupita watu wote wa Darsait. Ami alimleta pia shemeji yake kutoka Ghala kuwa shahidi. Nilitandika mkeka ule ule wa mama. Mke wa ami na binti ami walikaa nyuma ya pazia la mlango, naona vidole vya miguu yao.

Nilimimina kwa mkono wa kushoto na kutoa kwa wa kulia, kama inavyopasa. Ami akapokea, akakiweka kikombe chini. Shemeji yake akaweka. Yule mkongwe akaweka pia, lakini taratibu na kwa huzuni.

Nikakaa chini, mikono mapajani. Nikatazama kikombe cha ami. Moshi ulikuwa unapanda umesimama, halafu ukawa unayumba, halafu ukawa unatokea na kupotea. Ami alikohoa. Nikamsogezea tende. Nyuma ya pazia mke wa ami akanong'ona nimwambie anywe. Nikatazama kikombe. Juu ya kahawa pakaanza kutanda utando mwembamba unaong'aa, kama jicho la samaki wa jana.

"Mwanangu," mkongwe akasema, "kahawa inapoa."

"Naiona, babu."

Shemeji wa Ghala akageuza shingo kutazama dari. Ami akabadilika rangi. Alisema kwa Kiarabu, kwa sauti ya msikitini, kwamba mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa adabu, na yeye hakukawia hivi.

Lile ndilo nililokuwa nalingoja. Nilikuwa nimeliandaa kwa miaka, nimelilaza na kuliamsha, na nilipolisema sikupandisha sauti hata kidogo.

"Mama alidhani kahawa yake mbaya, ami. Alikuwa mgeni, hajui desturi ya hapa. Wewe ulijua hajui, ukamwacha aseme."

Mkongwe akaelekeza uso wake kwa ami. Macho yake hayaoni vizuri, lakini yalimwangalia. Akauliza kama ni kweli. Ami akarekebisha khanjari yake. Mkongwe akauliza mara ya pili, akimwita kwa jina lake la utotoni, na hapo Kiarabu kikamkimbia ami chote.

"We mtoto huna fadhila," alinambia. "Nimekutoa motoni, nimekupa pa kulala, nimekupa hilo bohari. Mie ndo nlokuweka!"

"Kweli, ami. Uliniweka. Na mimi nimekaa."

Nje kamba ya kisima ilikwaruza. Kisha mkongwe akapapasa mkeka mbele yake, akapata kikombe chake.

"Mie sina haja na mtu," akasema. "Nnakunywa kahawa yangu." Akainywa baridi vile vile, akanyoosha mkono aongezwe.

Ami aliondoka na shemeji yake. Kikombe chake kilibaki pale mkekani, kimejaa. Sikukimwaga mpaka kesho yake, na kesho yake nilikimwaga kaburini kwa mama? Hapana. Nilitaka kwenda, kisha nikaona mama alikuwa mtu safi, hafai kumwagiwa kahawa iliyolala. Nilikimwaga uani, penye njia ya ami ya kwenda msikitini.

Wiki ile nilihamishwa nyumba. Ami hakusema nitoke. Alileta mafundi waezue paa la chumba changu, eti walitengeneze kabla ya mvua. Nilibeba mto wa mama na mkeka, nikapata chumba Matrah kwa bibi mmoja mfuma kofia. Asubuhi nikafungua skuli kama kawaida. Wasichana wangu wa bohari walikuwa wamesimama mstari wa mbele, wakubwa sasa, na walijua habari yote, kwa sababu Darsait haina ukuta unaoweza kuzuia habari.

Binti ami aliajiriwa chini yangu. Nilimpa darasa la wadogo kabisa, wasiojua kushika kalamu, na nikamkabidhi zamu ya kuwapanga mstari wa maji. Alifanya vizuri, lazima niseme, na hilo lilinikera. Siku moja alibaki nyuma ya wengine, akaniuliza yeye amenikosea nini.

"Wewe hujanikosea," nilimwambia. "Ndiyo maana nakusalimia."

Alilia chooni. Nilisikia. Niliendelea kusahihisha hesabu.

Mwezi Desemba nilinunua kadi Matrah, yenye picha ya ngome ambayo kila mtu huituma, nikaiandikia anwani ya Madamu. Nilifikiria kumweleza yote, habari za bohari, miwani, mkongwe na kikombe chake. Mwisho niliandika neno moja, Imepoa, na jina langu. Sijui kama ilifika. Sikupata jibu, na baada ya hapo sikukaa anwani moja muda wa kutosha kulipata.

Nilikaa kwenye kiti kile mpaka nilipochoka nacho mwenyewe, na si kabla. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha kwa hamu ya safari, ugonjwa ambao bado ninao. Siku ya kuondoka funguo zilikuwa mkononi mwangu, na binti ami alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, amevaa vizuri, kwa kuwa kila mtu alijua nani anafuata. Alikuwa na shahada. Alikuwa na uzoefu. Alikuwa hana kosa. Nje, ndani ya gari, ami alikuwa amekaa anangoja, amevaa khanjari.

Nilimpita, nikavuka uwanja, na funguo nikampa mwalimu wa Kijordani aliyekuja mwezi uliopita.